Ulimi wa shubiri moja: barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Tashkent

Mdogo wangu, salamu nyingi.

Ujumbe wako nimeupata. Mama mwenye nyumba kakuambia kwa Kiuzbeki, lugha ya huko Uzbekistan, "tiling bir qarich bo'lib qolibdi", wewe ukaelewa kwamba unaongea sana, ukacheka, ukamjibu kuwa kwenu nyote ndivyo mlivyo. Hapo umemwagia moto petroli. Nakujibu hadharani kwa sababu kosa hili halikuanza na wewe.

Tuanze na maneno yenyewe. Til ni ulimi, na -ing ni "wako". Bir ni moja. Qarich ni shubiri, ile ile ya mtu asiye na futi: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa chote. Si futuri, inayoishia kidole cha shahada. Tandaza mkono mezani upime, utapata sentimita 20 hivi. Kisha simama mbele ya kioo utoe ulimi. Tukano liko kwenye hiyo tofauti: ulimi umerefuka kupita kinywa kilichoubeba.

Angalia pia mkia wa sentensi. Bo'lib qolibdi maana yake "umeshakuwa", na ule mwisho -ibdi hutumika mtu anapogundua jambo ambalo hakuliona likianza. Hakusema umezaliwa hivyo. Amesema umegeuka kuwa hivyo na yeye ameliona leo, kwa hiyo bado unaweza kurudi ulikotoka.

Msemo huu hauhesabu wingi wa maneno. Mtu anaweza kusema maneno matatu tu na bado akaambiwa tili bir qarich (ulimi wake ni shubiri moja), kwa sababu kinachoangaliwa ni nani amemjibu nani. Mtoto akimkatiza baba, kelin (mke wa mwana) akimjibu qaynona (mama mkwe), kijana akimsahihisha mzee wa mtaa mbele za watu: hapo ndipo shubiri inapotajwa. Sisi tungesema "ana mdomo", au "anajibujibu wakubwa". Kidomodomo kinakaribia, lakini kina upole fulani ambao qarich haina.

Nduguye wa karibu ni gap qaytarmoq, kurudisha neno. Gap qaytarma! ndiyo kauli ya mzazi anayekukataza kujibizana. Na mtego uko hapa: kujitetea nako ni kurudisha neno. Ukisema "unday emas, xola" (si hivyo, mama mdogo), hata kama ukweli uko upande wako, umeongeza shubiri ya pili. Wala usidhani siz, yaani "wewe" ya heshima, itakuokoa. Ni lazima uitumie kwake, ila kishazi cha ubishi kilichovikwa siz bado ni ubishi.

Kuongea sana kuna maneno yake. Sergap ni msemaji sana, bila ubaya mkubwa. Ezma ndiye wa kuogopwa: limetoka kwenye ezmoq, kuponda, naye ni yule anayeeleza jambo dogo mpaka msikilizaji akawa uji. Gap sotmoq, neno kwa neno kuuza maneno, ni kupiga soga huku kazi imelala. Kuna na methali, ko'p gap eshakka yuk, maneno mengi ni mzigo wa punda. Yote haya angeweza kukuambia. Hakukuambia hata moja.

Kinywa nacho kina lawama zake. Og'zi bo'sh, mdomo uliolegea, ni domo kaya asiyetunza siri. Og'zi shaloq ni mtukanaji. Shaloq husemwa hata kwa mkokoteni uliochakaa unaoyumba na kulialia njiani, na kwangu hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote. Og'iz, yaani kinywa, ikipewa mwenyewe hupoteza i: og'zi (kinywa chake), si og'izi. Hiyo g' itamke kama gh ya ghali. Q ya qarich itoe kooni, kama qaf ya madrasa. Ukisema "karich" utaeleweka, ila watajua umejifunzia barabarani.

Ukitaka kuitafuta misemo hii kwenye intaneti, andika kwa hati zote mbili. Uzbekistan ilipitisha alfabeti ya Kilatini mwaka 1993, lakini maandishi mengi bado ni ya Kisirili: тили бир қарич. Herufi қ ina mkia. Ukiweka к ya Kirusi matokeo yatakuwa haba. Na kile kialama cha o' na g' huandikwa kwa namna kadhaa, basi neno likikataa, badilisha kialama kabla ya kulaumu kamusi.

Sasa cha kufanya. Usimfuate na maelezo. Weka kiganja cha kulia kifuani, inama kidogo, sema "kechirasiz, xola" (nisamehe), kisha nyamaza. Xola ni kwa umri wa mama yako. Angekuwa wa rika la dada yako mkubwa ungesema opa. Akikuagiza kitu jibu "xo'p bo'ladi", sawa nitafanya, bila kuongeza "lakini". Wao nao wana ile yetu ya maneno mazuri kumtoa nyoka pangoni: yaxshi so'z ilonni inidan chiqaradi, na nusu ya pili inasema neno baya huchomoa kisu alani. Usiitumie kwake wiki hii. Methali kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa nayo hupimwa kwa shubiri.

Kama amekusamehe hatakutangazia. Tazama chai. Mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kwenye piyola, chini ya nusu, ili arudishe kikombe mara kwa mara na mwenyeji aendelee kumhudumia. Ikikujia imejaa hadi ukingoni, kunywa polepole, na uombe msamaha tena.