Mpeni fundi siku ya kupiga msasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba wenzangu hapa Kisumu, ambao wengi wetu tumechoshwa na milango na fremu zinazometameta, na sasa tunataka mbao za ndani ziwe na rangi tulivu isiyong'aa sana. Mtindo huo sina ugomvi nao, kwani mimi mwenyewe niliufuata mwaka jana. Ninacholalamikia ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Fundi niliyemwita alipangusa milango kwa kitambaa kikavu, akafungua mkebe wa rangi ya maji na kuanza kupaka juu ya rangi ya mafuta iliyokuwapo. Kufikia magharibi milango 5 ilikuwa tayari, nayo ilipendeza kwelikweli. Asubuhi mlango wa chumba cha watoto ulikataa kufunguka, na nilipouvuta kwa nguvu, rangi ya ukingoni ilibanduka ikabaki kwenye fremu kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake rangi ya zamani ilikuwa inang'aa vilevile, haina hata mkwaruzo.

Rangi ya mafuta ikishakauka huwa na uso mgumu na mtelezi, hivyo rangi ya maji haipati pa kujishikiza. Isitoshe, rangi ya maji hukauka juujuu kwa saa chache lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa, na unyevu wa hewa yetu ya ziwani, hasa msimu wa masika, huichelewesha zaidi. Asiyejua mlango wake una rangi gani achovye pamba katika spiriti, asugue mahali pasipoonekana: rangi ikilainika na kuichafua pamba, yaelekea ni ya maji, isipobadilika, aichukulie kuwa ya mafuta.

Fundi wa pili alikaa siku mbili nzima bila kufungua mkebe, nami nikakiri kwamba nilianza kunung'unika. Aliosha mbao kwa sabuni na maji ya moto, akasisitiza pembeni mwa vitasa, kwa sababu anayepiga msasa juu ya mafuta ya mikono huyasambaza tu. Kisha akapiga msasa wa maji namba 220, huku kila mara akiinama na kuutazama mlango kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukiupiga. Palipometa hata kidogo, alirudi papo hapo. Hakukusudia kuiondoa rangi yote, bali kuua ule mng'ao. Baada ya hapo alipaka koti moja la rangi ya msingi inayoshika juu ya mafuta, kisha makoti mawili membamba ya rangi yenye mng'ao hafifu. Isiyong'aa kabisa alinikataza, kwa kuwa milangoni hushika alama za vidole na haisuguliki. Mlango wa jikoni tuliuacha uendelee kung'aa, maana masizi na mafuta hufutika kwake kwa urahisi.

Walio katika nyumba kuukuu wana jambo zito zaidi la kuangalia. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na ingawa kiwango cha sasa cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, kiwango hicho hakiwezi kuibandua rangi iliyopakwa miaka mingi iliyopita. Msasa mkavu, usio na maji, na moto wa kuchomea rangi visitumike humo. Mbao zilowanishwe, watoto na wajawazito wakae kwingine, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Nisiwabebeshe mafundi lawama zote. Yule wa kwanza alinitajia siku mbili za matayarisho, nami nikazikata ili kupunguza gharama, nikidhani ananiongezea bei. Ndiyo maana nawaomba mafundi waandike gharama ya kuosha na kupiga msasa katika mstari wake peke yake, pamoja na idadi ya siku, ili mwenye nyumba anayeukata mstari huo aone anakata nini. Na wauzaji wa rangi wamuulize mteja, kabla ya kumfungia mkebe, mbao zake zimepakwa nini sasa.

Mwenye nyumba,
Milimani, Kisumu