Somo, Yale Si Magomvi ya Wenyewe

Louisville, Kentucky
9 Novemba 2025

Kwako somo yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, mama na watoto wote hapo Mombasa. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma lakini afya tunayo, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, kisha nikaurudia usiku. Uliniambia, na najua ni kwa mapenzi, kwamba sisi tuliotoka Afrika tusijitie katika magomvi ya Wamarekani Weusi. Wenyewe wana historia yao na machungu yao. Wewe mgeni fanya kazi yako, lea mwanao, tuma nyumbani ulichojaaliwa. Nimeona bora nikujibu kwa barua, maana jambo hili kwa simu halielezeki, nami nalichukulia kwa uzito.

Nianze na mwanangu. Unajua alizaliwa nikiwa bado na viza ya mwanafunzi, na siku hiyohiyo akawa raia bila ya mimi kuomba. Haki ile imo katika Marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya mwaka 1868, na hayakuandikwa kwa ajili yangu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa, hata akiwa huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Ikabidi vita vipiganwe na watumwa waachwe huru, ndipo iandikwe kuwa anayezaliwa hapa ni raia. Mwaka huu, tarehe 20 Januari, Rais Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia watoto watakaozaliwa na akina mama wenye viza za muda kama niliyokuwa nayo, ikiwa baba naye si raia wala hana ukaazi wa kudumu. Amri hiyo haiwagusi waliokwisha kuzaliwa, majaji wameizuia, na kesi ingali mahakamani. Lakini nilipoisoma nilifahamu vizuri kwamba kinachomlinda mtoto wangu ni kifungu kilichopatikana kwa damu ya watu wengine.

Na sisi tulifunguliwaje mlango? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliweka mfumo wa kugawa nafasi kwa kutazama asili ya watu waliokuwapo Marekani, kila taifa lipate kwa kadiri ya watu wake. Ila sheria yenyewe ilisema wazi kwamba wazao wa watumwa wasihesabiwe. Hebu fikiri, somo. Mamilioni ya watu ambao mababu zao waliletwa kwa minyororo walitolewa kwenye hesabu, na kwa kutolewa wao Afrika ikaonekana kama haina mtu huku. Nchi zetu zikaachiwa kiwango cha chini kabisa, nafasi 100 kwa mwaka. Mfumo huo ulidumu mpaka tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Johnson alipotia sahihi sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru, New York. Miezi miwili kabla, tarehe 6 Agosti, alikuwa ametia sahihi Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Ni Bunge lilelile, mwaka uleule. Nchi ilikuwa imekwisha kuona kwenye televisheni watu weusi waliokuwa wakidai haki ya kura wakipigwa virungu katika daraja la Edmund Pettus, mji wa Selma, Alabama, na baada ya hapo ikawa vigumu kusimama hadharani kutetea sheria inayowapanga binadamu kwa asili zao.

Hata kabla ya hapo, ndege ya Tom Mboya ya mwaka 1959 iliyowachukua wanafunzi 81 kuja kusoma Marekani, unadhani fedha zake zilichangishwa na nani? Wamarekani Weusi mashuhuri, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia majina yao kwenye barua ya kuomba michango, wakati ambapo watu wao wenyewe walikuwa bado wanafukuzwa mahotelini.

Sasa nikusimulie la mwaka jana, uchaguzi wa Novemba. Tunakaa mtaa mmoja na mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Amepata uraia. Kiingereza cha dukani na cha hospitali anacho, lakini karatasi ya kura hawezi kuisoma. Akanijia nimsindikize. "Mimi sijachagua mutu hata siku moja," akaniambia. Sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kusoma ajichagulie mtu wa kumsaidia kupiga kura, isipokuwa mwajiri wake au chama chake cha wafanyakazi. Nikala kiapo, tukasimama pamoja, nikamsomea polepole kwa Kiswahili jina baada ya jina. Tulipofika kwenye swali la kubadilisha katiba ya Kentucky ili fedha za umma ziweze kwenda katika shule zisizo za umma, akanizuia kwa mkono. Akataka nisome tena, halafu tena. Wajukuu wake wanasoma shule za serikali. Mimi nilinyamaza, maana kumwelekeza si haki yangu. Alipokuwa tayari alijaza mwenyewe. Pendekezo lile lilikataliwa katika kaunti zote 120, na mama yule anajua, kwa sababu aliniambia tukiwa njiani, kwamba na yeye alikuwamo.

Kifungu kile cha kusaidiwa kiliongezwa mwaka 1982 katika ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Na sheria ile ilitoka kwa watu kama Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi wa Mississippi, mfanyakazi wa shamba la pamba. Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi pamoja na wenzake kwenda Indianola, Mississippi, kujiandikisha kupiga kura. Walikuwa watu 18. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, akashindwa, kama ilivyokusudiwa. Wakirudi, polisi wakalisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti basi lina umanjano mno. Siku ileile mwenye shamba alimofanya kazi miaka 18 akamtaka aondoe jina lake au ahame. Akahama. Juni 1963 alipigwa katika jela ya Winona mpaka figo zake zikaharibika. Hakuacha. Mwaka 1964, kati ya watu weusi 100 wa Mississippi wenye haki ya kupiga kura, hata 7 hawakuwa wameandikishwa. Kufikia 1967 walikaribia 60. Mtihani ule wa kusoma na kufafanua ulipigwa marufuku. Yule mama wa Uvira angekuwa Indianola mwaka 1962, karani angemmaliza kwa swali moja.

Ndiyo sababu siwezi kukubali neno lako kwamba ni mambo ya wenyewe. Na polisi naye hatuulizi tulizaliwa wapi. Patrick Lyoya alikuwa Mkongo, mkimbizi, kijana wa miaka 26. Tarehe 4 Aprili 2022, Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha kwa kuwa namba haikulingana na gari, wakavutana, akampiga risasi ya kisogo hali kijana yuko chini kifudifudi. Wazazi wake walizungumza kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri. Mimi sikumngoja mkalimani. Niliwasikia kama ninavyokusikia wewe, na kilio kile sikisahau. Mei mwaka huu jopo la mahakama katika kesi ya askari yule halikuafikiana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi. Lakini aliyehubiri kwenye mazishi ni Mchungaji Al Sharpton, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, na wenzake walijaa barabarani kumdaia haki mtoto wa Kikongo ambaye hawakumjua.

Sitakuficha, baina yetu na wao kuna maneno. Wapo wanaotuona tumekuja kuvuna tusipopanda, na wapo wa kwetu wanaowaita wavivu, maneno ya mabwana wa zamani. Nikiyasikia kwenye karamu zetu huwa nasema, hata nikionekana mkorofi.

Na haki hizi hazijatulia. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ilivunja sehemu ya ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura iliyoyalazimu majimbo yenye historia mbaya kuomba idhini kabla ya kubadilisha taratibu za kura. Jaji Ginsburg, mmoja wa wale wanne, alipinga akisema ni sawa na kuutupa mwavuli mvua ikinyesha kwa kuwa hulowi. Mwezi uliopita wamesikiliza tena kesi ya Louisiana inayogusa kifungu kingine kikubwa cha sheria hiyohiyo. Mama wa Uvira ananiuliza kila wiki imefikia wapi.

Mpwa wako akipata viza yake, mwambie afikie kwangu. Kabla hajaanza masomo nitamchukua kwa gari mpaka Selma, na tutakwenda pamoja na mama huyu, ameshaniambia hataki kuachwa.

Nisalimie mama, umbusie watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Nijibu, hata kama bado hukubaliani nami.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako