Saa 72 si saa 20

Mhariri,

Miaka 11 nanunua gazeti lenu pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya juma lililopita, ya daktari anayejua "usiku uleule" kama mtu ambaye moyo wake ulisimama ataamka au hataamka, imenishinda kuinyamazia.

Shemeji yangu alianguka kanisani, Katuba, katikati ya wimbo. Muuguzi mmoja wa kwaya akamkandamiza kifua mpaka moyo ukarudi. Hospitali (jina silitaji) wakamtia mpira wa kupumulia na dawa ya usingizi. Kesho yake asubuhi, saa 20 hazijatimia, akaja daktari kijana, akamfunua kope, akammulika kwa tochi ya simu. Simu ikaita akiwa ameinama hivyohivyo! Akaikata, akamgeukia dada yangu: "Mama, kichwa kilisha kufa. Mupange mambo." Na dawa ya usingizi bado inadondoka mshipani, mbele ya macho yake. Mtu umemlaza mwenyewe, halafu unashangaa haamki? Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa 2021 unataka wangoje angalau saa 72 tangu moyo urudi, dawa ziwe zimekwisha mwilini, ndipo watafute dalili mbili au zaidi zinazokubaliana kwamba hataamka: mboni zisizoitika mwanga pamoja na jicho lisilopepesa likiguswa, mawimbi ya ubongo, picha ya skana, kipimo cha damu. Tochi ya simu peke yake haimo. Tena ukishatangaza kifo, kila mtu analegeza mikono, mgonjwa anakufa kweli, nawe unasifiwa kwa kujua.

Siku ya 5 shemeji aliuliza viatu vyake viko wapi. Sisemi amerudi mzima: majina ya wajukuu anayachanganya hadi leo. Wala sisemi wote huamka, wengi hawaamki.

Lakini nyumbani turubai la matanga lilikwisha fungwa, na viti 100 vimelipiwa. Mwenye viti akakataa kurudisha hata franka moja, eti "vitatumika siku nyingine". Hao nao waandikieni habari.

Kwa hospitali, dawa yangu ni kibao cheusi juu ya kila kitanda: saa moyo uliporudi, saa dawa ya usingizi ilipokatwa. Kabla ya hesabu kufika, daktari aongelee mpira wa miguu au mvua. Chaki nitanunua mimi.

Mwalimu mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi