Shukrani kwa fundi seremala wa Ngong Road

Ijumaa alfajiri tulimpoteza Bibi, miaka 94. Alishuka melini Mombasa mwaka 1938, mtoto wa Kiyahudi aliyekimbizwa na wazazi wake kutoka Ujerumani ya Hitler, na mpaka juzi alikuwa akituchambulia mchele huku akitugombeza kwa Kiswahili.

Kwetu hatuziki siku ya Sabato, nayo huingia Ijumaa jua likizama. Jeneza nalo huwa la mbao tupu, bila chuma. Madukani tulikuta vanishi na vishikio vya rangi ya dhahabu tu.

Fundi huyu alikuwa anamalizia kitanda cha mteja. Alinisikiliza, akazima redio, akakisogeza kitanda kando. Akauliza Bibi alikuwa na urefu gani. Nikamwambia tulilingana, basi akanipima mimi! Akachagua mbao za msonobari, akachonga misumari ya mti mmoja mmoja. Nilipomweleza kuwa mwili unapaswa kukaribiana na udongo, akatoboa matundu chini bila maswali. Vishikio akafunga vya kamba ya katani. Saa nane mchana jeneza lilikuwa juu ya pikapu ya jirani yake.

Alipokea pesa ya mbao tu. "Ya mikono acha," akasema. Jina lake hakutaka nilitaje.

Mkipita pale kutafuta kitanda, msivutane naye sana bei. Na yule mteja aliyecheleweshewa chake, naomba radhi. Bibi tulimzika saa kumi.