Nilimdanganya muuguzi kuhusu sigara, sasa naogopa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39 na navuta sigara tangu nikiwa na miaka 22, pakiti nzima kwa siku. Nyumbani wanajua navuta moja moja tu. Hesabu kamili naijua mwenyewe.

Miezi minane iliyopita nilikwenda kliniki kuchukua vidonge vya kupanga uzazi, maana tulikubaliana mtoto wa pili awe mwakani. Muuguzi akaniuliza: unavuta sigara? Nikasema hapana. Walikuwemo akina mama wengine mle chumbani, na unajua Shangazi mwanamke mvutaji anavyotazamwa. Mwanamume akivuta hakuna anayegeuka. Nikapewa vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Majuzi ndipo niliposoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Nikauliza, nikathibitishiwa: mwanamke aliyefikisha miaka 35 na anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku hapaswi kuvitumia, kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mikono ilinitetemeka. Nimeviacha, tunatumia kondomu, na mume wangu nimemwambia eti vilinitia kichefuchefu. Uongo juu ya uongo.

Uso nao umeanza kunisema. Dada yangu amenizidi miaka 6, havuti, na juzi mgeni alidhani mimi ndiye mkubwa. Nikajifanya sikusikia. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikanyauka kabla ya wakati. Hilo ningelivumilia. Kinachoninyima usingizi ni hedhi, ambayo hata kabla ya vidonge ilikuwa imeanza kuruka miezi. Wavutaji hukoma hedhi mapema kuliko wenzao, na sigara hupunguza uwezo wa kushika mimba. Je, kama nimechelewa?

Nimejaribu kuacha mara tatu. Mara ya mwisho nilidumu miezi minne, nikaongezeka kilo 5, nikarudia. Naona haya kuitaja sababu hiyo, lakini ndiyo yenyewe.

Shangazi, nianzie wapi? Nirudi kwa muuguzi yule yule nikakiri, au niende kwingine nianze na ukweli? Mume wangu nimwambie yote sasa, au nisubiri kwanza niweze kuacha? Na wasomaji mliowahi kutumia plasta za nikotini, zile za kubandika kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara, ziliwasaidia kweli? Uzito mliudhibiti vipi?

Ni mimi,
Mwenye siri