Miongozo ya programu za zamani isiozee kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu miongozo ya programu za kompyuta za zamani, ile minene iliyokuwa ikija ndani ya boksi pamoja na diski.

Mimi ni mtunza nyaraka, na mara kwa mara naletewa mafaili ya dBASE III, programu ya hifadhidata iliyotoka mwaka 1984. Humo amri ya DELETE haifuti kitu. Inaitia rekodi alama ya nyota tu, nayo inabaki palepale mpaka mtu atoe amri ya PACK. Kabla ya hapo, RECALL inairudisha. Asiyelijua hilo anaweza kupiga PACK na kupoteza moja kwa moja majina ya watu ambayo bado yangeweza kuokolewa. Mwongozo umeeleza yote hayo. Nakala niliyonayo gundi yake imekauka, na kila nikiifungua kurasa zinachomoka.

Kuuskani na kuwagawia wenzangu ndiko kwenye tatizo. Kampuni iliyoutoa, Ashton-Tate, ilinunuliwa na Borland mwaka 1991, na baadaye dBASE ikahamia mikono mingine. Kwa sheria ya Marekani, kazi ya kampuni iliyochapishwa mwaka 1984 inalindwa na hakimiliki miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2079. Karatasi hizi hazitafika huko. Niliwahi kuiandikia kampuni yenye haki za programu nyingine ya enzi hizo nikiomba ruhusa, sikujibiwa. Wapo wanaosema ukimya huo ni ruhusa tosha. Siafiki. Mwenye mali hanyang'anywi mali yake kwa sababu amenyamaza, na wanaouza nakala hizi mtandaoni kwa faida yao siwatetei hata kidogo.

Njia ya halali inawezekana. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, umezipa maktaba na makumbusho nafasi ya kuweka mtandaoni, bila biashara, kazi zilizomo katika hazina zao ambazo haziuzwi tena. Mwenye haki asipopenda, anaweza kuiondoa kazi yake wakati wowote. Watunga sheria wa nchi nyingine waige hilo, na wataje miongozo ya programu waziwazi.

Kwa kampuni zenye haki hizi, naomba sentensi moja tu kwenye tovuti zenu: mwongozo huu unaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa bure.

Mtunza nyaraka