"Acha kwanza, halafu uje"

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba mlevi haumwi, hana msimamo tu, na kwamba ushauri nasaha apewe akishaacha. Mimi ni mwanasaikolojia. Kauli hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma, maana naisikia hata kwa wataalamu wenzangu: "Acha kwanza, halafu uje tuzungumze kuhusu huzuni yako."

Kwa wengi huzuni ndiyo iliyotangulia. Mtu hapati usingizi, moyo mzito, kila jambo linamchosha. Akinywa anapata nafuu kwa saa kadhaa, na nafuu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana mahubiri hayamwingii. Lakini pombe huvuruga usingizi, na ikishatoka mwilini wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi. Basi anakunywa tena ili atulize kile ambacho pombe yenyewe imekizidisha. Wapo pia ambao sonona yao, yaani huzuni nzito isiyoisha, imeletwa na kilevi, na hupungua wiki chache baada ya kuacha. Kutofautisha hawa na wale kunahitaji kumketisha mtu, kumsikiliza na kumfuatilia. Ukimfungia mlango hadi aache, utamjuaje?

Hilo la msimamo nalo halisimami. Mwaka 2013 toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, DSM-5, liliiweka kamari katika sura moja na pombe na dawa za kulevya. Mcheza kamari hamezi wala havuti kitu, ila ubongo wake umejifunza kufuata kile kile kinachomwangamiza.

Ushauri nasaha mzuri si karipio. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alieleza mwaka 1983 namna ya kuzungumza na wanywaji bila kubishana nao: unamwuliza mtu kilevi kinampa nini, kinamnyang'anya nini, kisha unamwacha ajibu mwenyewe. Nimeona watu waliogombezwa miaka mingi wakitamka kwa mara ya kwanza, kwa kinywa chao, kwamba wamechoka. Na akiteleza siku moja, asiaibishwe. Aibu ndiyo inayomfanya aseme "nimeshaharibu" na kuendelea kunywa.

Tena "acha leo" inaweza kuua. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, au kuchanganyikiwa siku ya pili hadi ya nne. Aanzie kwa daktari. Mtumiaji wa heroini aliyekaa bila kutumia, akirudia kiasi chake cha zamani, yuko hatarini kufa, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu wa kuhimili kiasi hicho.

Naomba mlichapishe hili hasa kwa ajili ya ndugu wanaomfungia mtu chumbani apambane peke yake na arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea kilevi unapokikosa. Akitetemeka sana, akiona vitu visivyokuwepo au akianguka degedege, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wenu,
Mwanasaikolojia